Mafuta ya Kuimbisha Gari

Gari la ng'ombe likinyamaza njiani, mwenye gari wa kijiji cha Buritizinho huinamisha kofia na kuomba asionekane. Watu wa huko wana trekta, wana malori, wana pikipiki zinazokimbia kama zimeibiwa, lakini gari la mbao la kuvutwa na maksai wanalitunza mwaka mzima kwa ajili ya hija ya kwenda mji wa Trindade, na kwenye hija gari lazima liimbe. Kinachoimba ni ekseli. Ni gogo lililounganishwa na magurudumu yake mawili, huzunguka nayo chini ya gari huku likisuguana na vipande vya mbao vilivyolibana. Ukilipaka mafuta ya nyonyo yenye unga wa mkaa kwa kiasi chake, msuguano ule hutoa mlio mmoja mrefu na mnene unaosikika ng'ambo ya mto. Mafuta yakizidi, gari huwa bubu. Mkaa ukizidi, hupiga kelele na kuungua.

Siku ya majaribio, mwezi wa Mei, gari la Mzee Belarmino lilifanya yote mawili. Mzee huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa magari ya wilaya nzima, na ndiye aliyekubali, baada ya kubembelezwa tangu Kwaresima, kupaka mafuta yaliyotengenezwa na binti yake Zenaide kwenye banda la kina mama wakamua nyonyo. Wenzake walijipanga kandokando ya barabara kusikiliza. Gari lilianza vizuri, likaimba hadi kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sebastian, na pale kwenye kona likapata kwikwi. Likanyamaza. Halafu likapiga ukelele wa nguruwe anayechinjwa, na moshi ukaanza kutoka chini.

Mzee Ozorio, mwenye gari la pili katika msafara na mdomo wa kwanza, hakuiacha nafasi hiyo ipite. "Belarmino, hilo gari lako limemeza nini? Lipe maji, mwenzangu, na kofi la mgongoni."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Belarmino alisimamisha maksai, akamwagia ekseli maji, kisha akamwambia binti yake bila kumtazama kwamba ayasafishe mafuta yake yote, na kwamba yeye atachanganya mwenyewe kwa mkono kama siku zote.

"Nipe nafasi nyingine moja tu, Baba."

"Nafasi nimekupa mbele za watu. Umeona nilichovuna."

Zenaide akachukua kitambaa na kuinama chini ya gari. Machozi yalimtoka, na alishukuru kwamba chini ya gari hakuna anayemwona mtu.

Ukweli, ambao mzee hakuwa akiusema, ni kwamba vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda. Kuchanganya mafuta ya gari kwa mkono ni kazi ya kukanda. Unamwaga mafuta ya nyonyo juu ya ubao, unatia shahamu kidogo ya ng'ombe, unatia mkaa uliosagwa na kuchekechwa, halafu unakanda kwa kiganja kutwa nzima. Baridi yabisi ilikuwa imeshamwingia Belarmino kwenye viungo, na mwaka uliopita, siku za kuelekea hija, Zenaide alimkuta nyuma ya nyumba amelowesha mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji ya moto, naye mzee akajitetea kwamba anaosha bakuli. Bakuli lenyewe halikuwapo. Zenaide alipita kama hakuona kitu. Lakini tangu siku ile alikuwa na jambo moja moyoni: baba yake aende Trindade na gari linaloimba, na mikono yake ipumzike. Maana Belarmino alishasema mezani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba siku gari lake litakapokosa sauti atamwachia Ozorio nafasi ya mbele, naye atabaki nyumbani kulisha kuku. Na Belarmino hakuwa mtu wa kusema kitu kisha akakisahau.

Zenaide hakuwa mgeni wa mafuta. Alifanya kazi miaka kadhaa mjini Anápolis, kwenye maabara ya kiwanda cha vilainishi, akipima uzito na rangi ya mafuta ambayo wengine walikuwa wameshayachanganya. Shida ilikuwa hapo hapo, kwamba alijua kupima tu. Aliporudi nyumbani baada ya mama yake kufariki, aliwakuta kina mama na chama chao cha kukamua nyonyo. Waliuza mafuta kwa watengeneza sabuni, na walikuwa na tangi la chuma lenye mwiko wa mota, walilolipata kwenye kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba magari ya hija yanahitaji mafuta, wazee wanachoka kukanda, na tangi limekaa bure. Kina mama wakaona ni jambo la akili.

Mwenyekiti wao alikuwa Bi Jupira, mpishi wa halua ya mapera ambayo watu hutoka mbali kuifuata, mwanamke ambaye ukimpinga jikoni umejitafutia balaa. Bi Jupira alikuwa na sheria moja. Mwiko huzungushwa kulia. Ukianza kulia unamaliza kulia, hata nyumba ikishika moto; ukirudisha kushoto mara moja tu, kilichomo sufuriani kinakatika na huna cha kukifufua. Mama yake alimfundisha hivyo, na bibi yake alimfundisha mama yake, na kwa kuwa halua yao haijawahi kukatika, hakuna aliyethubutu kujaribu kinyume. Sheria ile ikahamia kwenye tangi. Mota ikafungwa izunguke kulia, na swichi ya kuirudisha nyuma Bi Jupira akaibandika plasta ya kidonda.

Baada ya aibu ya kona ya kanisa, walifungua tangi kuangalia yaliyobaki. Zenaide alichota pembeni akapata donge jeusi kama lami. Alichota katikati akapata mafuta matupu, ya manjano, unaweza kujipaka nywele. Wakawasha mota na kuiacha izunguke tangu kahawa ya asubuhi hadi jua linazama. Walipochota tena, lami ilikuwa pembeni na mafuta yalikuwa katikati, kila kimoja kwake, kama ndugu waliogombana. Bi Jupira alisema mkaa ni mbaya. Mama mwingine alisema ni kijicho cha Ozorio. Zenaide alikuwa akiitazama ile plasta kwenye swichi.

Hakuthubutu kuibandua. Badala yake, siku iliyofuata alikwenda jikoni kwa Bi Jupira na mtungi mkubwa wa kioo, ambao zamani ulikuwa wa kuhifadhia pequi na ungali unanuka tunda hilo, na hakuna kinachoiondoa harufu ya pequi. Alisimamisha chupa tupu ya bia katikati ya mtungi, akajaza mafuta ya nyonyo kwenye nafasi iliyoizunguka. Kisha akachukua mafuta kidogo aliyoyatia rangi nyekundu ya zingefuri, ile ya kutilia wali, akadondosha tone moja kando ya chupa. Tone likakaa palepale, jekundu, halina haraka, maana mafuta ya nyonyo ni mazito na hayapendi kusumbuliwa.

Akaanza kuizungusha chupa taratibu kwenda kulia. Tone likavutika likawa uzi, uzi ukaizunguka chupa ukawa pete, pete ikafuatwa na pete, mpaka rangi ikaonekana imeenea kote.

"Si unaona," Bi Jupira akasema. "Imechanganyika. Kulia."

"Sasa ngoja niirudishe kushoto."

"Zenaide, mwanangu, usinifanyie mambo hayo jikoni kwangu."

Lakini Zenaide alikuwa ameshaanza. Alikuja pale na matumaini kwamba kurudi nyuma ndiyo dawa, na kwamba tone litasambaratika mbele ya macho ya mwenyekiti, plasta ibanduliwe, mambo yaishe. Akazungusha kushoto, taratibu vilevile. Pete zikapungua. Zikawa uzi. Uzi ukajivuta, ukafupika, na pale ulipoanzia, kando ya chupa, likasimama tone moja jekundu, limechuja kidogo pembeni lakini ni lilelile.

Bi Jupira akapiga ishara ya msalaba. Zenaide akakaa kwenye kiti. Aliyekuwa akiogopa na aliyekuwa akitumaini walilitazama pamoja lile tone kana kwamba litaongea.

"Hayakuchanganyika hata kidogo," Zenaide akasema mwishowe. "Yalikuwa yanatembea tu, kila tone kwenye njia yake. Ukiyarudisha, yanarudi."

"Kwa hiyo kulia ni bure."

"Na kushoto ni bure. Mimi nilikuja kukuonyesha kwamba wewe umekosea."

"Umenionyesha kwamba tumekosea wote wawili," Bi Jupira akasema, na lazima isemwe kwamba hilo lilimfariji. Halafu uso wake ukabadilika. "Na halua yangu je? Miaka yote hii naizungusha bure?"

Zenaide akamwambia hapana, halua inachemka, na yale mabubujiko yanayoruka na kumchoma mikono ndiyo yanayochanganya, ayaheshimu. Mafuta ya nyonyo kwenye tangi yamelala, hayana wa kuyaamsha. Bi Jupira akapumua, akammiminia kahawa na kumsogezea mikate ya jibini. Lakini Zenaide aliondoka pale amevunjika moyo kuliko alivyoingia, maana hapo mwanzo alikuwa na swichi ya kutumainia, na sasa hakuwa na kitu.

Ikafika sikukuu ya Roho Mtakatifu, na nyumbani kwa Bi Jupira zikawa zinatengenezwa peremende nyeupe za kuvuta, zile wanazozifinyanga ziwe njiwa na maua. Zenaide alikwenda kusaidia kwa sababu asiyekwenda husemwa. Sukari ilikuwa imepikwa, bado ya moto na laini, na upande mmoja wa donge ulikuwa umeungua kidogo ukawa na doa la kahawia. Aliomba walitupe. Bi Jupira akamwambia avute tu. Akavuta donge likawa kamba ndefu, na doa likawa mstari mrefu. Akaikunja kamba katikati, akavuta tena. Sasa mistari ilikuwa miwili. Akakunja, akavuta, mistari ikawa minne, myembamba zaidi. Akakunja tena na tena, na ghafla hakukuwa na doa, peremende yote ilikuwa na rangi moja ya maziwa.

Zenaide akasimama na kamba ya sukari mikononi. Chupa yake ndani ya mtungi ilikuwa ikivuta. Ilivuta sana, uzi mrefu ajabu. Lakini haikukunja hata mara moja.

"Vuta, wewe, inakauka," Bi Jupira akamwambia. Ilikuwa imeshakauka mikononi kama mguu wa kiti, na akatukanwa kwa upole mbele ya wasichana wote. Hakusikia hata neno moja. Alikuwa anauliza kama ule mtungi wa pequi bado upo.

Kilichomjia ni hiki: chupa isikae katikati, isogezwe karibu na ukuta wa mtungi, na visizunguke kwa wakati mmoja. Chupa izunguke kidogo kulia, isimame. Halafu mtungi wenyewe uzunguke kushoto, usimame. Halafu chupa tena. Kila kimoja kingevuta njia iliyonyooshwa na mwenzake na kuikunja. Wakajaribu jioni ileile, mikono ikiwa bado inanata sukari. Tone jekundu likavutika, likakunjwa, likavutika upande mwingine, likakunjwa juu ya mkunjo wake, na kabla kahawa haijapoa mafuta yote mtungini yalikuwa ya rangi ya waridi.

"Sasa rudisha," Bi Jupira akasema. Safari hii yeye ndiye aliyetaka, na akaishika chupa mwenyewe. Alirudisha kila mzunguko kwa uangalifu, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mafuta yakabaki ya waridi. Akaligombeza tone, akaliambia lirudi. Halikurudi, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka wakalazimika kushika meza.

Sasa ilibaki kazi ya tangi. Kusogeza mwiko pembeni ilikuwa rahisi, fundi wa kuchomelea aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini tangi lenye mafuta halizungushwi mikononi kama mtungi. Lilihitaji kitu cha kulikalisha, kipana, cha mbao ngumu isiyopasuka, chenye mhimili wake imara. Buritizinho nzima kilikuwapo kitu kimoja cha namna hiyo, nacho kilikuwa kimeegemea uzio wa Mzee Belarmino: gurudumu la gari la kwanza alilolichonga mwenyewe, na kipande cha ekseli yake bado kimo. Hata kuku hawakuruhusiwa kulala juu yake.

Zenaide alimkuta baba yake anakunywa kahawa barazani, akamweleza anachokitaka.

"Gurudumu husimama," mzee akasema.

"Hili litalala, Baba. Nitachimba shimo, ekseli iingie chini, tangi likae juu."

"Na likizunguka hivyo, gari langu litaimba?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Baba alikuwa anamtazama kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kona. "Najua mafuta yatachanganyika," Zenaide akajibu. "Kuimba sijui. Kuimba unajua wewe."

Belarmino akamaliza kahawa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliiweka mikono yake miwili juu ya meza, imefunguka kadiri ilivyoweza kufunguka, akaiacha pale ionekane.

"Vidole hivi havitakanda tena, Zenaide."

"Najua, Baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile ndoo ya maji ya moto."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. "Na bakuli sikuwa nalo," akasema.

"Hukuwa nalo."

Wakacheka, na katika kucheka kwao kulikuwa na kitu kilichowauma wote wawili, lakini walicheka. Gurudumu akampa, kwa sharti moja, kwamba wa kulizungusha awe yeye. Kusukuma gurudumu hakutaki vidole, alisema, kunataka kifua, na kifua bado anacho.

Basi gurudumu likalazwa ndani ya banda, tangi likapandishwa juu yake na kufungwa kwa minyororo. Siku ya kuanza, kina mama wote walikuwapo. Zenaide aliwasha mwiko, ukazunguka kidogo, akauzima. Belarmino akaweka kifua kwenye mti uliofungwa kwenye gurudumu, tayari kusukuma kushoto. Kabla hajapiga hatua ya kwanza, Bi Jupira alivua aproni yake na kutoka nje. Alikuwa amekubali, aliona kwa macho yake mtungini, lakini kuitazama sheria ya bibi yake ikivunjwa hakuweza. Akakaa kwenye benchi, amelipa banda kisogo.

"Mmesharudisha?" aliuliza kutoka nje.

"Tumesharudisha," Zenaide akajibu.

"Hayajakatika?"

"Hayajakatika."

Baada ya muda akauliza tena, na tena, na mwisho akachoka kuuliza, akaingia na kusukuma pamoja na mzee.

Mafuta ya kwanza yalichanganyika vizuri lakini yalikuwa mepesi mno, yangechuruzika barabarani yote. Wakaongeza shahamu, wakaanza upya. Ya pili yalikuwa tayari jioni ya kuamkia safari. Zenaide alichota pembeni, akachota katikati, akachota chini kabisa, akayapaka kwa kidole kwenye sahani nyeupe, mstari kando ya mstari. Alimwita Bi Jupira ampambanulie upi umetoka wapi. Bi Jupira alitazama sahani, akaigeuza, akashindwa. Hakukuwa na nafasi tena ya kujaribu. Magari yalikuwa yanaondoka asubuhi.

Asubuhi hiyo barabara ilijaa. Magari yalikuwa yamefunikwa kwa turubai, yamepakiwa magodoro, sufuria na mabibi, maksai wamefungwa jozi jozi, na kila mwenye gari alikuwa ameshajua, kwa namna habari zinavyotembea Buritizinho, kwamba Belarmino amerudia mafuta ya binti yake. Mzee alipaka ekseli kwa kipande cha ngozi, polepole, mbele ya wote. Kisha akasimama mbele ya msafara, akawaita maksai kwa majina yao, Brioso na Garboso, na gari likaondoka.

Halikutoa sauti. Likapita nyumba za kwanza kimya, likapita duka la mikate kimya. Kwato zilisikika, na mnyororo ulisikika. Nyuma yao hakuna aliyeondoka, maana gari la kwanza halijaimba na wengine wanasubiri.

"Belarmino," Ozorio akaita kutoka nyuma, "leo tunakwenda Trindade au tunakwenda kuzika?"

Zenaide alikuwa anatembea kando ya gurudumu. Moyoni alishamwona baba yake akirudi nyumbani na maksai wake, akilisha kuku, akisikiliza magari ya wenzake yakipotea upande wa mto, na kosa lote likiwa lake. "Simama, Baba," akasema. "Nitalisafisha. Nitakanda mimi, kwa mkono, nitawakuta njiani."

Belarmino akasimamisha gari. Lakini badala ya kumpa kitambaa, alipiga magoti na kuweka kiganja kwenye ekseli. Akakaa hivyo, amefumba macho.

"Ni baridi," akasema. "Mafuta yako yamekaa sawasawa pande zote, gogo halina pa kukwaruza. Mafuta ya kwangu yalikuwa na vidonge vidonge, yalikuwa yanaanza kulia hata kabla ya kuondoka." Akanyoosha mkono kuomba nyundo ya mbao. "Mafuta ni kazi yako. Kabari ni kazi yangu."

Akagonga kabari upande wa kushoto, akazunguka akagonga upande wa kulia, akazikaza mbao zilizoibana ekseli, akasikiliza kwa sikio, akagonga tena kidogo. Kisha akainuka kwa kujishika kwenye bega la binti yake na kuwaambia maksai twende.

Mwanzoni mwa mteremko kitu kiliguna chini ya gari. Kiliguna tena, kirefu zaidi, kikatetemeka, na halafu kikashika. Mlio ukatoka, mnene, wa chini, ukapanda taratibu na kutulia palepale ulipofika, haupungui wala hauzidi. Gari likaifikia kona ya kanisa. Zenaide akainama kuitazama ekseli. Gari likakata kona likiimba, bila kwikwi, bila moshi, likaendelea kuimba, na huko nyuma gari la Ozorio likaanza, na la tatu, na la nne. Bi Jupira, aliyekuwa amepanda gari la mbele juu ya magodoro, alikuwa analia waziwazi na kumwambia kila mtu kwamba ni vumbi.

Kabla ya mto, Ozorio aliacha maksai wake wajiongoze, akaja mbele kwa miguu. Alitembea kando ya Zenaide, ameishika kofia mkononi. Mwisho akatoa kopo tupu alilolificha ndani ya kofia.

"Yamebaki?" akauliza.

"Yamebaki," Zenaide akasema, na hakumtania, ingawa angeweza.

Ng'ambo ya mto kuna mashamba, na kwenye kila lango watu husimama kuutazama msafara. Watu wa kule hawahitaji kuona gari ili kujua ni la nani. Kila gari lina sauti yake, na la Belarmino lilijulikana kwa sauti nyembamba ya juu, miaka yote ileile, hata watoto waliiiga wakicheza. Kwenye lango la kwanza alisimama Bi Leontina na ungo wa mpunga mkononi. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa cha Belarmino, anatafuta barabarani.

"Belarmino, kumbe ni wewe uko mbele?" akasema. "Nimesikia gari geni. Sauti nzuri hiyo, jamani. Gari la nani?"

Mzee alivua kofia. Zenaide alikuwa ameshafungua mdomo kumjibia, kwamba gari ni lilelile, mafuta ndiyo mapya, lakini baba yake alitangulia.

"La Zenaide," akasema. "La binti yangu."

Bi Leontina akamgeukia Zenaide, akamtazama upya toka kichwani hadi miguuni, akampa pole ya safari ndefu na kumwambia Mungu aibariki mikono yake. Zenaide alishika pembe ya Brioso, akaendelea kutembea na uso umelowa, wala hakujificha.

Na kwenye lango lililofuata, Belarmino hakusubiri kuulizwa.